Unasihi Shuleni: Mwenye Fimbo Asipewe Kazi ya Kusikiliza

Katika ofisi ya walimu ya shule ya sekondari ya kata, ukutani, karibu na ratiba ya vipindi, hubandikwa orodha ya majukumu: mwalimu wa taaluma, mwalimu wa nidhamu, mwalimu wa michezo, mwalimu wa afya na mazingira, mwalimu wa ushauri na unasihi. Orodha ya namna hiyo haikosekani Sumbawanga mjini, wala Laela, Matai na Namanyere, wala kule chini katika Bonde la Ziwa Rukwa ambako joto humfanya mwalimu asahihishie madaftari chini ya mti. Si ajabu kuona jina moja limeandikwa mara mbili katika orodha hiyo: mwalimu wa nidhamu ndiye huyo huyo mwalimu wa unasihi. Wanaoipanga wana sababu yao. Walimu ni wachache, na yule anayeheshimiwa na wanafunzi ndiye anayedhaniwa kufaa kuzungumza nao. Makala haya yanashikilia kwamba dhana hiyo ni kosa, na kwamba gharama ya kosa hilo huonekana zahanati, huonekana katika wodi ya wazazi, na mara nyingine katika chumba cha maiti.

Huduma yenyewe si ngeni nchini. Ilianza kupewa sura rasmi katika elimu ya Tanzania mwaka 1984. Waraka wa Elimu Na. 11 wa mwaka 2002 ukaagiza ianzishwe shuleni na katika vyuo vya ualimu, na mwaka 2020 ukatolewa mwongozo wa kitaifa unaounganisha unasihi na ulinzi wa mtoto. Kwa hiyo hakuna awezaye kudai kwamba serikali haikuandika. Kilichokosekana ni saa, chumba na mtu. Saa, kwa sababu mwalimu wa hisabati anayefundisha kidato cha kwanza hadi cha nne hana nafasi ya kuketi na mtoto mmoja kwa dakika arobaini. Chumba, kwa sababu mahali panapoitwa chumba cha unasihi mara nyingi ni stoo ya majembe na mipira, isiyo na mlango unaofungika. Hayo mawili yanaweza kurekebishwa na mkuu wa shule mwenye nia. La tatu, yaani mtu, ndilo gumu, na ndilo linalostahili kujadiliwa kwa kirefu.

Yafaa kwanza kutofautisha maneno mawili ambayo hutajwa pamoja mpaka yakadhaniwa kuwa kitu kimoja. Ushauri humweleza mwanafunzi yaliyopo mbele yake: masomo, mchepuo, chuo, mkondo wa amali ulioletwa na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Mwalimu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuutoa mbele ya darasa zima. Unasihi ni jambo jingine. Ni mazungumzo ya faragha ambamo kijana anasaidiwa kulitazama tatizo lake na kuamua mwenyewe la kufanya. Hauwezekani pasipo kuaminiana, na kuaminiana hakuwezi kuagizwa kwa waraka.

Sasa mwalimu wa nidhamu anaingiaje hapo? Kanuni za adhabu ya viboko, zilizotungwa mwaka 1979 na kurekebishwa mwaka 2002, zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kuchapa viboko visivyozidi vinne na kuviandika katika kitabu. Katika shule nyingi anayeteuliwa ni mwalimu wa nidhamu. Mtoto aliyemwona Jumatatu akishika fimbo mstarini anatakiwa Jumatano amfuate na kumwambia kwamba baba wa kambo humwingilia usiku. Hatamfuata. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 kwa ushirikiano wa UNICEF, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao, na kama theluthi mbili ya wavulana, hawakumwambia mtu yeyote. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana walikuwa wamepata ukatili wa kimwili utotoni, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa. Takwimu hizo mbili zisomwe pamoja.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umetoka mbali. Katika jimbo la Bihar nchini India, shule zaidi ya 70 za sekondari ziligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa programu ya kukuza afya na unasihi ikiendeshwa na mnasihi asiye mwalimu, mtu wa kawaida aliyepewa mafunzo mafupi. Kundi la pili lilipewa programu ile ile ikiendeshwa na mwalimu wa shule. Kundi la tatu liliendelea na kawaida yake. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018. Penye mnasihi asiye mwalimu, hali ya shule iliboreka, na sonona, uonevu na ukatili vilipungua. Penye mwalimu, hali haikutofautiana na pale ambapo hapakufanyika lolote. Bihar si Rukwa, ni kweli, na walimu wa huko wana mazingira yao. Hata hivyo, atakayedai kwamba Ufipa matokeo yatakuwa kinyume ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Hilo lisichukuliwe kuwa dharau kwa walimu. Watafiti wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Ujerumani walichapisha mwaka 2018 matokeo ya mafunzo ya siku tano na nusu kwa walimu wa sekondari za serikali nchini Tanzania, yaliyohusu namna ya kuhusiana na wanafunzi bila ukatili. Ukatili wa walimu ulipungua. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba walimu wa Tanzania waliofundishwa mtaala wa afya ya akili waliongeza maarifa yao na kupunguza unyanyapaa wao kwa wagonjwa. Mwalimu basi anaweza kuwa jicho linalomtambua mtoto aliyebadilika, na mkono unaompeleka kwa anayeweza kumsaidia. Kinachopingwa hapa ni kumfanya awe hakimu na msiri kwa wakati mmoja.

Mazingira ya uwanda wa Ufipa yanaongeza uzito wa suala hili. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja ardhi inaporomoka kuelekea Ziwa Rukwa, upande mwingine kuelekea Ziwa Tanganyika. Vijiji viko mbalimbali. Shule za kata zilizoenea nchini kuanzia mwaka 2004, na kufutwa kwa ada ya sekondari kuanzia Januari 2016, vimewapeleka darasani watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kufika huko. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini panapokosekana bweni, mtoto wa miaka 14 anayetoka mbali hupangishiwa chumba karibu na shule. Mzazi humletea debe la unga na maharage mwanzo wa muhula, naye hujipikia, hujifulia na kulala peke yake au na mwenzake wa umri wake. Unga unapokwisha kabla ya muhula kwisha, daima yupo mtu mzima aliye tayari kutoa fedha ya kununua mwingine.

Ndiyo maana zahanati hukutana na mimba hizo. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya, sehemu ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au kupata mimba ilipungua kutoka asilimia 27 katika utafiti wa 2015/16 hadi asilimia 22 mwaka 2022. Rukwa ni miongoni mwa mikoa iliyo juu ya wastani huo. Kila mkunga anajua maana yake wodini: shinikizo la damu na kifafa cha mimba, uchungu uliokwama kwa nyonga ambayo haijakomaa, fistula. Tangu Novemba 2021, kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo, msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya serikali, baada ya miaka ambayo tamko la mwaka 2017 lilikuwa limemfungia mlango. Mlango umefunguliwa. Lakini nani anaketi naye kupanga nani atabaki na mtoto, atanyonyesha saa ngapi, atajibu nini darasani watakapomcheka? Kumrejesha bila mnasihi ni kumrejesha nusu.

Hapa watumishi wa afya wanapaswa kujitazama. Kwa miaka mingi imekuwa desturi katika shule mbalimbali nchini kuwapima wasichana mimba wanaporudi kutoka likizo, ama kwa muuguzi kuitwa shuleni, ama kwa wasichana kupelekwa zahanati kwa foleni, wakiongozwa na matroni. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu wa Haki za Mtoto ya Umoja wa Afrika, katika shauri lililoihusu Tanzania, ilitaka upimaji huo wa lazima ukome. Hata pasipo uamuzi huo, maadili ya tiba yalikuwa yamekwisha kusema. Kipimo cha mimba ni kipimo cha kitabibu. Hufanywa kwa ridhaa ya anayepimwa, na jibu lake ni lake. Mtumishi anayeliandika kwenye karatasi na kumkabidhi matroni ameigeuza zahanati kuwa tawi la ofisi ya nidhamu. Wasichana huelewa haraka. Anayejua atasalitiwa haji kliniki mwezi wa tatu. Huletwa mwezi wa nane akiwa na degedege, au huletwa akitoka damu baada ya kupita kwa mtu aliyemwahidi kumtoa kwa siri. Mganga mfawidhi anayeombwa na shule kufanya upimaji wa jumla ana haki ya kukataa, na akikataa kwa upole, huku akitoa badala yake siku moja kwa wiki ya huduma rafiki kwa vijana, atakuwa ameisaidia shule kuliko ilivyoomba.

Kuna upande mwingine ambao huzungumzwa kwa sauti ya chini. Wanafunzi, hasa wasichana wa bweni, huanguka kwa makundi, hupiga kelele, hutetemeka, na shule hufungwa. Historia ya nchi hii ina kisa kilichoandikwa vizuri kuliko vingi duniani. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walishikwa na kicheko na kilio visivyozuilika. Wakafuata wengine, hadi 95 kati ya wanafunzi 159. Shule ilifungwa tarehe 18 Machi. Ilipofunguliwa tena Mei, hali ikarudi. Wasichana waliorudi makwao waliondoka nayo, na huko Nshamba watu 217 wakapatwa. Madaktari Rankin na Philip walichunguza damu, chakula na maji, wasione sumu wala kijidudu, wakaandika ripoti yao mwaka 1963. Kilichobaki kuwa maelezo ni msongo wa mawazo unaotafuta njia ya kutokea mwilini, kisha kuenea kwa kuonana.

Ufipa ina maelezo yake ya tayari. Wenyeji husimulia kwamba jina Sumbawanga lenyewe lina maana ya kutupa uchawi, na harakati za kuwasaka wachawi katika eneo hilo zimeandikwa na wanaanthropolojia; Roy Willis alichapisha makala juu ya harakati ya Kamcape mwaka 1968. Wasichana wanapoanguka, hutafutwa mchawi: mpishi, mwalimu mzee, jirani wa shule. Wakati mwingine aliyeonyeshwa kidole hupata madhara makubwa kuliko walioanguka. Mtumishi wa afya anayekuja na kusema kwa dharau kwamba wasichana wanaigiza hasaidii pia, kwa kuwa hawaigizi. Mateso yao ni ya kweli ingawa hakuna pepo wala kijidudu. Kinachosaidia ni kuwatenganisha kwa utulivu, kuondoa watazamaji, kupima malaria na sukari, kumtafuta aliyeanza, na kumuuliza faraghani maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Mara nyingine jibu ni mtihani. Mara nyingine ni njaa. Mara nyingine ni mtu mzima mwenye funguo za bweni. Wazazi wakitaka kusali, wasali. Sala haijazuia mazungumzo hayo kufanyika.

Na katika kundi hilo huenda yumo mmoja mwenye kifafa halisi. Nyanda za Juu Kusini hufuga nguruwe wengi, na mabuu ya tegu wa nguruwe yanapofika katika ubongo ni sababu inayojulikana ya kifafa. Mtoto huyo anahitaji dawa kila siku, na anahitaji mtu wa kuwaeleza wenzake kwamba povu la kinywani haliambukizi.

Wavulana husahaulika katika mjadala huu. Programu nyingi huwalenga wasichana, na kwa sababu nzuri, lakini mvulana wa Bondeni anayeacha shule kwenda kambi za wavuvi, au anayeshinda malishoni na ng'ombe, au aliyeanza gongo akiwa kidato cha pili, huishia kwa mwalimu wa nidhamu peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na kwamba nusu ya matatizo hayo huanza kabla ya miaka 14 kwisha. Kwa mvulana, sonona huonekana kama ukaidi: hasira, utoro, ugomvi, kulala darasani. Huchapwa kwa dalili za ugonjwa. Ikumbukwe pia kwamba Ufipa ni nchi ya mahindi, na karibu kila kaya ina sumu ya kilimo au dawa ya kuhifadhia nafaka, mara nyingi chini ya kitanda. Sri Lanka ilipopiga marufuku sumu kali za kilimo moja baada ya nyingine, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili tangu kilele cha mwaka 1995. Kaya haiwezi kupiga marufuku, ila inaweza kufunga kwa kufuli, na ufunguo ukakaa kwa mtu mzima. Taharuki ya kijana mara nyingi hupita kwa saa chache. Kufuli hununua saa hizo.

Basi, nani awe mnasihi? Jibu la kawaida ni kwamba hakuna fedha za kuajiri wanasaikolojia, na ni kweli: madaktari bingwa wa afya ya akili nchini huhesabiwa kwa makumi, ilhali Rukwa peke yake ina watu zaidi ya milioni 1.5. Lakini si lazima awe mwanasaikolojia. Nchini Kenya, programu ya Shamiri iliwatumia vijana waliomaliza sekondari, waliopewa mafunzo mafupi, kuongoza vikao vinne vya makundi katika shule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua kwa wanafunzi. Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, mabibi wa mitaani wamekuwa wakiketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, na jaribio la kitabibu la mwaka 2016 likathibitisha faida yake. Neno bibi lina uzito Ufipa pia. Muuguzi mstaafu anayeijua Kifipa na Kiswahili, aliyezoea kutunza siri za wagonjwa kwa miaka thelathini, asiye na mtihani wa kusahihisha wala fimbo, akizungukia shule tatu kwa wiki kwa posho ya nauli na chakula, ana sifa zinazotakiwa kuliko mwalimu aliyelemewa. Vivyo hivyo mhitimu wa ustawi wa jamii anayesubiri ajira, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyepewa mafunzo ya nyongeza.

Lakini mtu huyo asiachwe peke yake. Mnasihi asiye na msimamizi huchoka, au huanza kuhubiri. Hospitali ya rufaa ya mkoa inapaswa kuwa na mtumishi wa afya ya akili anayekutana na wanasihi hao walau mara moja kwa mwezi, kusikiliza kesi ngumu na kupokea rufaa. Hili lisipowekwa kwenye mpango wa halmashauri, lililobaki litadumu mwaka mmoja tu.

Siri ina mipaka yake, na mwanafunzi aelezwe mipaka hiyo kabla hajaanza kuzungumza. Akiwa hatarini kujidhuru, au akiwa anafanyiwa ukatili, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimruhusu mtu mzima kukaa kimya. Hapo mnasihi humweleza mtoto atakayeambiwa na kwa nini, kisha huenda naye: kwa afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kituo cha afya. Kwa aliyebakwa, saa zinahesabika. Dawa za kinga dhidi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora; za kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Matibabu yasisubiri fomu ya polisi. Kwa jambo lisilo la hatari, kama vile kutaka kupima VVU, sheria iliyorekebishwa mwaka 2019 inamruhusu mwenye miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi, na mtumishi asimrudishe nyumbani akamlete baba. Mtoto asiye na mnasihi karibu anaweza kupiga simu 116, ambayo ni bure.

Baada ya mavuno, wazazi wanapokuwa na nafasi na mikutano ya shule ikijaa, mzazi anaweza kuuliza maswali matatu bila kumkosea mtu heshima. Nani ni mnasihi hapa? Je, ndiye huyo huyo anayechapa? Mtoto akitaka kumwona, anamwona wapi na saa ngapi? Mkuu wa shule akikosa jibu la swali la pili, jina linaweza kufutwa na kubadilishwa siku hiyo hiyo, kabla ya kikao kufungwa.